Breki za gari la umeme hulia kwa kukosa kazi

Mwenye gari la umeme huingia barabarani na fahari moja kuu, nayo ni kimya. Gari lake halingurumi, halitoi moshi, wala halitetemeki likisimama kwenye taa. Kwa hivyo, siku ile gurudumu linapoanza kulia katikati ya foleni ya Waiyaki Way, mlio mwembamba wa kukereza meno, fahari yote humtoka. Wapita njia hugeuka kutazama. Manamba wa matatu iliyo ubavuni humuuliza kwa kejeli kama hayo ndiyo magari ya kisasa tuliyokuwa tukisimuliwa.

Hapo ndipo mashaka yanapoanza. Wapo wanaofungulia redio zaidi wasisikie. Wapo wanaoyamwagia magurudumu maji kana kwamba wanampoza mgonjwa wa homa. Wapo hata wanaoinyunyizia diski oili, jambo ambalo halina tofauti na kujichimbia kaburi kwa jembe lako mwenyewe. Walio wengi hukimbilia gereji, wakaambiwa kwamba pedi za breki zimekwisha, wakatoa pesa, wakawekewa pedi mpya mahali pa zile zisizokuwa na hatia yoyote. Majuma matatu baadaye mlio hurejea pale pale ulipokuwa.

Ninalotaka kusema katika ukurasa huu ni kwamba breki za gari la umeme, aghalabu, hazilii kwa sababu zimechoka. Zinalia kwa sababu zimekaa bila kazi. Asiyeufahamu ukweli huo atautibu ugonjwa usiokuwapo na kuuacha ule ulioko, na ule ulioko, kama nitakavyoeleza, waweza kuua.

Msomaji aliyewahi kuendesha baiskeli yenye dainamo ataielewa habari hii upesi kuliko mhandisi. Dainamo inapolazwa kwenye tairi ili taa iwake, pedali huwa nzito mara moja. Umeme ule unaowasha taa haukuja bure. Umetolewa katika mwendo wa baiskeli, na baiskeli ikapunguza kasi. Gari la umeme hufanya hivyo hivyo kwa ukubwa. Dereva anapoondoa mguu kwenye pedali ya mwendo, mota iliyokuwa ikiyazungusha magurudumu hugeuka ikawa dainamo, magurudumu nayo yakawa ndiyo yanayoizungusha. Mwendo hupungua na umeme hurudi katika betri. Katika baadhi ya magari, Nissan Leaf likiwa mojawapo, hata dereva anapokanyaga breki yenyewe, kompyuta huamua kwanza ni kiasi gani cha kazi kitafanywa na mota na kiasi gani kiachiwe pedi. Katika safari ya kawaida ya mjini, pedi huachiwa makombo.

Hiyo ni neema, na ndiyo sababu pedi za gari la umeme hudumu muda mrefu sana. Lakini neema hiyo ina upande wake wa pili. Diski za breki hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, na chuma hicho hushika kutu kwa usiku mmoja tu wa mvua. Katika gari la petroli, dereva huikwangua kutu hiyo kila asubuhi bila kujua, kwa kuwa kila asimamapo pedi huisugua diski kwa nguvu. Katika gari la umeme pedi huigusa diski kwa upole, tena mara chache, kwa hivyo kutu hubaki, ikaongezeka, ikachimba vishimo. Uso wa pedi nao, kwa kusuguliwa kijuujuu tu bila kupata joto la kutosha, hulainika ukang'aa kama kioo. Vumbi la barabara zetu za changarawe nalo hujipenyeza kwenye pini ambazo kalipa huteleza juu yake, grisi ikakauka, pini zikaganda.

Kalipa ni kile kibano cha chuma kinachoikumbatia diski. Ndani yake mna pistoni inayoisukuma pedi ya ndani, na kibano chote huteleza juu ya pini mbili ili pedi ya nje nayo ivutwe ifike kwenye diski. Pini zikiganda, kalipa haitelezi tena. Pedi moja hufanya kazi ya mbili, au hukwama kwenye diski isiachie. Mambo haya mtu hayaoni akiwa amekaa kwenye usukani. Huyasikia tu.

Na asikialo ni nini hasa? Atazamaye mpigaji orutu wa kule Nyanza ataona kwamba upinde haupiti juu ya uzi kwa ulaini. Huunata uzi, ukauvuta, ukauachia, ukaunata tena, mara nyingi mno kwa sekunde moja, na mitetemo hiyo ndiyo wimbo. Pedi iliyolainika kama kioo hufanya vivyo hivyo juu ya diski yenye kutu: hunata na kuachia zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde, kalipa ikatetemeka, diski ikavuma kama sahani ya shaba. Tofauti ni kwamba wimbo huu haumfurahishi mtu. Lazima tukiri pia kwamba katika gari la petroli sehemu kubwa ya mlio huo ingemezwa na injini. Kimya tulichokinunua kwa pesa nyingi ndicho kinachotufichulia yaliyofichika.

Sasa basi, kabla ya jeki kuguswa, mwenye gari afanye kazi moja isiyo na gharama: asikilize. Mlio una wakati wake na mahali pake, na atakayeweza kumwambia fundi unatokea lini na wapi amekwisha kuifanya nusu ya kazi.

Mlio wa asubuhi, baada ya mvua au baada ya gari kuoshwa, unaotoweka dereva akisimama mara tatu au nne, ni kutu ya juu juu inayokwanguliwa. Hauna neno. Anayelipeleka gari gereji kwa sababu ya mlio huo anakwenda kuuziwa kitu ambacho tayari anacho.

Mlio mwembamba unaofuatana na mzunguko wa gurudumu hata mguu ukiwa mbali na breki, kisha ukabadilika au ukanyamaza breki ikikanyagwa, unataka kuangaliwa upesi. Pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa humo kwa makusudi. Zinapobakiwa na unene wa milimita 2 au 3 hivi, kibati hicho huigusa diski na kupiga ukelele wa onyo. Huenda basi pedi zimekwisha kweli. Lakini mlio kama huo huo hutolewa pia na pedi iliyokwama na kuganda kwenye diski, na katika gari la umeme dhana hii ya pili isipuuzwe hata kidogo.

Mlio wa kusaga, ule mzito wa chuma juu ya chuma, hauna mjadala. Gari lisimamishwe na livutwe.

Kuna mkwaruzo unaotokea mtu akishatoka kwenye barabara ya changarawe, pengine ukazidi akikata kona. Mara nyingi hilo ni jiwe dogo lililonaswa kati ya diski na kile kikingio cha bati kilicho nyuma yake. Nimeona watu wakilipishwa diski mbili kwa sababu ya kokoto moja. Na kuna sauti ndefu inayopanda na kushuka pamoja na mwendo. Hiyo si ya breki kabisa, hutoka kwenye gia za mota. Fauka ya hayo, magari mengi ya umeme hutoa mvumo wa makusudi yanapokwenda polepole ili kuwaonya waendao kwa miguu, na wapo wamiliki waliouchukulia mvumo huo kuwa ugonjwa.

Baada ya masikio, zamu ya joto. Mwenye gari aende kilomita kumi hivi barabara tambarare, akipunguza mwendo kwa mota pekee bila kuigusa breki ila inapobidi. Kisha asimame na kuupeleka mkono karibu na kila gurudumu, asiiguse diski. Magurudumu yote manne yanapaswa kuwa karibu sawa. Likiwapo moja linalotoa joto kama jiko ilhali wenzake wamepoa, kalipa yake imekwama. Mwenye gari la umeme ana shahidi mwingine ambaye mwenzake wa petroli hana urahisi wa kumpata, yaani kile kioo kinachomwonyesha umeme anaoutumia kwa kila kilomita. Matumizi yakipanda bila sababu, tena njia ni ile ile na mzigo ni ule ule, huenda kuna pedi inayomvuta nyuma safari nzima.

Akiwa na habari hizo, mwenye gari hufika gereji. Mazungumzo ya hapo, aghalabu, huenda hivi:

"Mzee, hizi pedi zimeisha kabisa," fundi husema baada ya kuchungulia kati ya vyuma vya gurudumu kwa muda wa kupenga kamasi.

"Umezipima, fundi?"

"Ah, mzee wangu, kazi hii nimeifanya miaka ishirini. Si unasikia mwenyewe zinavyolia?"

Sisemi haya kwa kumdharau fundi wa jua kali. Yeye ndiye aliyeyaweka magari ya nchi hii barabarani wakati ambapo vipuri havikupatikana, na akili yake imewashangaza wageni wengi. Lakini miaka yake ishirini ilikuwa ya petroli na dizeli. Katika magari hayo pedi hufanya kazi kila dakika, zikaisha, zikalia. Fundi amejifunza kwamba mlio maana yake ni pedi kuisha, na kwa magari yale hakukosea sana. Gari la umeme limeigeuza kanuni hiyo juu chini, wala hakuna aliyemwita akamweleza. Hivyo hutoa pedi zenye unene wa milimita 8, pengine mpya kabisa ingekuwa na 10 au 11 tu, akazitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, akatia nyingine zilizonunuliwa Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado huiita Grogan, bila yeye wala mteja kujua zimetengenezwa kwa kitu gani. Pini zilizoganda hazikuguswa. Kutu iliyo kwenye vishikizo vya pedi haikuguswa. Ugonjwa umevalishwa shati jipya.

Kazi yenyewe inavyostahili kufanywa si ya ajabu. Fundi yeyote mwenye subira huiweza kwa saa chache, ila kuna mambo ambayo gari la umeme halimsamehi mtu.

La kwanza ni jeki. Betri ya gari hili imelala chini ya sakafu, karibu upana wote wa gari. Fundi aliyezoea kuisukuma jeki popote palipo na chuma anaweza kuitoboa au kuipinda betri, na hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika gari, tena yenye hatari ya moto. Kitabu cha gari huonyesha sehemu maalumu za kuinulia zilizo pembeni; hizo ndizo, na hakuna nyingine. Gari likishainuliwa liwekwe juu ya stendi, kwa kuwa jeki peke yake si ya kuaminiwa. Nyaya za rangi ya machungwa zinazoonekana huko chini zimebeba umeme wa mamia ya volti. Kazi ya breki haina haja nazo, kwa hivyo zisiguswe.

La pili ni kompyuta. Kama breki ya mkono ni ile inayofungwa kwa kitufe, pistoni za nyuma hazirudishwi kwa kusukumwa kwa nguvu, huvunjika. Ni lazima mfumo uwekwe kwanza katika hali ya matengenezo, kwa kifaa cha uchunguzi au kwa utaratibu ulioelezwa kitabuni. Vilevile katika magari ambayo breki husukumwa na pampu ya umeme, pampu hiyo yaweza kuamka yenyewe mtu akifungua mlango au akikanyaga pedali, ikaisukuma pistoni ilhali kalipa iko nje na vidole vya fundi vimo humo. Gari lizimwe kabisa, ufunguo uwekwe mbali, na kitabu kisomwe.

Yaliyobaki ni usafi. Gurudumu likishatolewa, kalipa ifunguliwe na kuning'inizwa kwa waya; isiachwe ikining'inia kwa mpira unaopitisha mafuta ya breki. Pedi zote mbili zipimwe, ya ndani na ya nje. Zikiwa zimelika sawasawa, kalipa inateleza vizuri. Moja ikiwa imelika sana kuliko mwenzake, mshtakiwa amepatikana. Pini zitolewe, zisafishwe hadi ziteleze kwa kidole kimoja, kisha zipakwe grisi ya breki, ile ya silikoni inayostahimili joto kali. Grisi ya kawaida ya beringi haifai: huivimbisha mipira ya pini, na baada ya miezi michache kila kitu kimeganda tena. Vile vishikizo ambamo masikio ya pedi huteleza visuguliwe kwa brashi ya waya hadi kutu iondoke. Hapa ndipo mafundi wengi huharakisha, na hapa ndipo mlio mwingi huzaliwa. Vumbi lisipulizwe kwa upepo wa mashine, maana kulivuta puani ni hatari, na pedi za zamani au zisizojulikana asili yake zaweza kuwa na asbesto. Lioshwe kwa dawa ya kusafishia breki.

Pedi ikiwa ingali nene ila uso wake umeng'aa, inatosha kuisugua kwa msasa uliolazwa juu ya kitu tambarare, ukiwa na unyevu kidogo ili vumbi lisiruke. Ikiwa imelowa oili au grisi, itupwe pamoja na zenzake za ekseli hiyo hiyo, wala asitokee mtu wa kuichoma juu ya jiko ili oili ikauke, mzaha ambao nimeushuhudia kwa macho yangu. Grisi kidogo hupakwa nyuma ya pedi, mahali inapoguswa na pistoni na kalipa, ili kuimeza mitetemo. Upande wa mbele haipakwi kitu chochote, hata tone.

Diski nayo itazamwe. Kutu nyepesi itaondoka yenyewe kwa kazi. Ikiwa na vishimo vinavyoshika ukucha, au ukingo uliosimama pembeni, ipimwe unene. Diski nyingi zimeandikwa kiwango cha chini kabisa kwenye ukingo au katikati yake, kwa milimita. Iliyopungua chini ya hapo haichongwi wala haionewi huruma, na hubadilishwa pamoja na ya upande wa pili. Ikiwa bado ina unene wa kutosha yaweza kuchongwa upya. Kisha vyote virudishwe, nati zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni, na kabla gari halijasogea hata hatua moja pedali ya breki ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu. Magari yamewahi kutoka gereji na kuingia moja kwa moja kwenye ukuta wa pili kwa kusahauliwa jambo hili dogo.

Kazi haijaisha. Pedi na diski ni lazima zizoeane. Kwenye barabara iliyonyooka na isiyo na watu, dereva apunguze mwendo kutoka kilomita 60 hadi 10 kwa saa, mara nane au kumi, bila kusimama kabisa, akiacha nafasi kati ya mara moja na nyingine ili diski zipoe. Tatizo ni kwamba katika gari la umeme mota itaidakia kazi hiyo, pedi zikabaki watazamaji. Kwa hivyo afanye zoezi hili betri ikiwa imejaa, wakati ambapo haipokei umeme mwingi, au aweke gia kwenye N wakati wa kupunguza mwendo, maana hapo mota hujitenga na pedi ndizo hushika. Jambo hili la N ni la mahali pa wazi na tambarare tu, kwani gari likiwa hapo halina nguvu ya kukimbia hatari.

Nimetaja betri iliyojaa, na hapo ndipo penye kiini cha hofu yangu. Fikiria mtu anayelala Limuru. Usiku kucha gari lake linachajiwa hadi asilimia 100, na alfajiri anaondoka kwenda Naivasha kwa njia ya Mai Mahiu. Hajafika mbali, mteremko unaanza. Betri imeshiba, haipokei kitu. Mota aliyoizoea imshikie gari haimshikii kama jana. Kompyuta inaikabidhi kazi yote kwa pedi na diski ambazo kwa miezi sita zimekuwa zikishika kutu, na kalipa mbili kati ya nne zimeganda. Mbele yake kuna lori la saruji linalotambaa, kando ya barabara pana bonde. Mlio aliousikia tangu Aprili, na ambao redio iliufunika, ulikuwa ukimweleza habari ya asubuhi hii.

Juu ya hayo kuna mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kadiri siku zinavyopita, na mtu husahau kuyabadilisha kwa kuwa gari halimletei shida. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 155. Pedi zinazoburuta kwenye mteremko mrefu hufika joto kubwa kuliko hilo bila taabu. Mafuta yakichemka hugeuka mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kusikia. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama pedi ni nene kama siku zilipotoka kiwandani. Na anayeishi juu ya mteremko aachie nafasi katika betri, achaji hadi asilimia 80 au 90, ili mota ipate mahali pa kuupeleka umeme wake.

Watengenezaji wanalijua tatizo hili vizuri. Volkswagen ilipolitoa gari lake la ID.3 iliweka breki za ngoma kwenye magurudumu ya nyuma, jambo lililowashangaza wengi waliodhani ngoma ni mambo ya kale. Sababu mojawapo ni kwamba breki ya ngoma imefunikwa, maji na chumvi haviifikii kwa urahisi, na kazi yake katika gari la umeme ni ndogo. Tesla nayo huwashauri wamiliki walio katika nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji wasafishe kalipa na kuzipaka grisi kila mwaka. Sisi hatuna theluji. Lakini Mombasa, Kilifi na Lamu zina upepo wa chumvi mwaka mzima, na magari yetu mengi hununuliwa Japani yakiwa yametumika. Baadhi yalipita miaka kadhaa katika barabara za kaskazini zilizomwagiwa chumvi hiyo hiyo, kisha yakakaa majuma baharini na bandarini bila gurudumu kuzunguka. Mnunuzi huangalia rangi, viti, na afya ya betri. Ni nani aliyewahi kuomba gurudumu lifunguliwe?

Serikali imefanya yake. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari yanayotumia umeme pekee ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Mwaka 2022 mabasi ya umeme yakaanza kubeba abiria Nairobi, na mwaka uliofuata ikaja bei maalumu ya umeme wa kuchajia. Mijadala yote imekuwa ya betri, ushuru na vituo. Ya breki sijayasikia, labda kwa sababu breki haina wa kuipigia debe. Wenye vyuo vya ufundi na wenye vituo vya ukaguzi wa magari wangeanza na jambo hili, kwa kuwa halitaki mitambo ya mamilioni: linataka kipimo cha milimita, kopo la grisi ya silikoni, na nusu siku ya mafunzo kwa mtu ambaye tayari anajua kufungua gurudumu.

Kwa mwenye gari, kinga ni rahisi kuliko tiba. Mara moja kwa juma, mahali palipo salama na baada ya kutazama kioo cha nyuma, akanyage breki kwa nguvu mara nne au tano kutoka kilomita 60 kwa saa, pedi zikwangue kutu. Gari likishaoshwa lisiegeshwe likiwa limelowa. Lizungushwe kidogo na breki zishikwe zikauke. Likikaa muda mrefu mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa vigingi na lifungwe kwa gia badala ya breki ya mkono, ambayo pedi zake huweza kung'ang'ania diski kwa kutu. Na kila mwaka, au kila kilomita 20,000, pini zifunguliwe na kupakwa grisi hata kama hakuna mlio wowote.

Gari linapotoka gereji, mwenyewe aombe karatasi yenye nambari nane: unene wa pedi ya ndani na ya nje kwa kila gurudumu, kwa milimita, pamoja na tarehe na kilomita zilizosomwa. Pedi zilizotolewa, kama zipo, arudishiwe katika mfuko. Mwaka ujao nambari hizo zilinganishwe na mpya. Pedi ya ndani ikionekana imepungua milimita 2 ilhali ya nje haijapungua hata nusu, kalipa hiyo haitelezi, na ifunguliwe kabla ya safari ya Mai Mahiu.